Punda wa ami na sumu ya swila

Micheweni, Pemba

Jambo ambalo sijaacha kulifikiri tangu punda wa ami aumwe puani na swila ni kwamba sumu humaliza kazi yake kubwa kwa muda mfupi, ilhali kumrejesha mnyama katika siha yake ni shughuli ya majuma, na sehemu kubwa ya shughuli hiyo haihusiani na sindano. Majirani waliokuja kutupa pole waliulizia dawa aliyochomwa na bei yake. Ni bibi mmoja tu, mfugaji wa mbuzi, aliyeuliza kama punda anakula, na swali lake ndilo lililokuwa swali la daktari pia.

Ardhi yetu huku kaskazini ni ya mawe, na swila hupenda nyufa na marundo ya mawe ya kujengea, yale yale ambayo punda huyabeba. Punda anayelisha hutanguliza pua, tena ni mnyama mdadisi, kwa hiyo akikuta kitu kinachotikisika majanini hukisogelea na kukinusa. Vijana waliokuwa wakivunja mawe walimwona nyoka akinyanyua shingo kabla ya kupotelea chini ya rundo, hivyo hatukuwa na shaka juu ya aina yake. Swila wa Pemba hutema sumu machoni na pia huuma, na akiuma, balaa lake kubwa ni kuozesha nyama ya mahali palipoingia sumu.

Mmoja alileta jiwe la nyoka, mwingine akaleta wembe, wa tatu akataka kamba ya kufungia ili sumu isipande. Kamba ya kuzuia sumu ya puani sijui ingefungwa wapi kama si shingoni. Ami aliwashukuru wote kwa adabu na kuwakatalia wote, nami naona alifanya jambo la maana, kwa sababu kuchanja huongeza damu inayopotea na kufungulia vijidudu mlango, na jiwe halinyonyi sumu iliyokwisha kuingia nyamani.

Hatari ya kwanza ilikuwa pumzi. Binadamu akivimba pua hupumua kwa mdomo, lakini punda na farasi hawawezi, kwa kuwa kaakaa lao laini huziba njia baina ya mdomo na koo la hewa isipokuwa wanapomeza. Pua zote mbili zikifunga, mnyama hunyongeka akiwa amesimama mbele yako. Daktari wa mifugo, ambaye alikuwa bado Wete, alituelekeza kwa simu tumvue hatamu mara moja kabla haijazama katika uvimbe, tumwache kivulini bila ya kumtembeza, na tutayarishe vipande viwili vya mpira wa maji vyenye urefu wa kiganja. Tulizilainisha ncha zake kwa moto, tukazipaka mafuta, na wakati matundu ya pua yalipoanza kubana tulivisukuma ndani taratibu na kuvifunga kwa plasta. Ami alimshika masikio akimsemesha kwa sauti ya chini, kama alivyozoea kumsemesha wakati wa kumtia shogi. Mkoromo uliokuwa ukisikika hadi barazani ulipungua, na daktari alipofika kwa pikipiki yake alisema kuwa tungechelewa kidogo tu, mipira hiyo isingeingia tena na yeye angelazimika kumtoboa koo.

Ami aliuliza kuhusu dawa ya kupambana na sumu, ile wanayochomwa watu hospitalini. Daktari alimjibu kwa heshima kuwa dawa hiyo ni ghali, kwamba mnyama wa ukubwa ule angeweza kuhitaji vichupa kadhaa, na kwamba panapokuwa na uhaba watu hutangulizwa. Hakuna aliyebisha. Usiku ule, hata hivyo, nilikuwa nikiitafakari asili ya dawa yenyewe. Farasi huchomwa sumu kidogo kidogo, kipimo kikiongezwa kadiri mwili wake unavyojijengea kinga, kisha hutolewa damu, na kinga iliyomo katika maji ya damu hiyo husafishwa na kutiwa vichupani. Wazo hili lilitangazwa Ufaransa mwaka 1894, na Albert Calmette kwa upande mmoja, na Césaire Phisalix pamoja na Gabriel Bertrand kwa upande mwingine, na baadaye farasi wakawa ndio chanzo kikuu cha dawa. Hata ile ya Afrika Kusini inayofanya kazi dhidi ya sumu ya swila hutokana na farasi. Jamaa wa punda huyu, basi, ndio wanaotuokoa sisi, naye mwenyewe akalikosa tone. Ningeulizwa mimi ningeamua vivyo hivyo, ila sikuona ubaya wa kulikumbuka jambo hilo nilipokuwa nikimfutia usaha.

Alichopewa ni dawa ya maumivu na uvimbe, antibiotiki, maji ya mshipani, na sindano ya kumkinga na pepopunda, ugonjwa unaowaua farasi na punda kwa wepesi mno wakiwa na kidonda kichafu. Daktari alisisitiza kwamba vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya farasi havifai kunakiliwa tu. Fenilibutazoni, kwa mfano, ambayo ni dawa ya maumivu na uvimbe, huondoka mwilini mwa punda haraka zaidi kuliko mwilini mwa farasi, kwa hiyo mwenye kufuata ratiba ya farasi humwacha punda na maumivu kwa sehemu kubwa ya siku. Nilifundishwa pia kusikiliza moyo wake nyuma ya kiwiko cha mguu wa kushoto wa mbele: mapigo 36 hadi 52 kwa dakika ni ya kawaida kwa punda aliyetulia, na yakizidi hapo bila ya sababu nipige simu.

Sasa nirudi kwenye swali la yule bibi. Punda akiacha kula, mwili wake huanza kuyayeyusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyamudu, na hali hiyo ikishika kasi huweza kumuua hata kama jeraha lenyewe linapona. Tatizo ni kwamba punda hasemi. Farasi mwenye maumivu hujigaragaza na kutoa jasho. Punda hunyamaza, akainamisha kichwa, na mpita njia akadhani anapumzika. Kinachohadaa zaidi ni kuwa huweza kusimama mbele ya chakula, akatia mdomo, akachezesha taya, na asimeze kitu. Kwa hiyo niliacha kuangalia mdomo wake nikawa naangalia beseni, nikipima kinachobaki, na kila asubuhi nilikagua mavi yake kabla hata ya kunywa chai.

Chakula kilibidi kiwe laini na kiwe juu. Beseni tuliliweka juu ya pipa, usawa wa kifua, kwa kuwa kichwa kinachoinama huongeza uvimbe. Pumba tuliiloweka kwa maji ya uvuguvugu, tukampa majani machanga ya viazi vitamu na maganda ya ndizi mbivu, mara nyingi kwa kiasi kidogo, na mengine nilimlisha kwa mkono. Nashuku kwamba mipira ya puani ilimpunguzia harufu ya chakula na hivyo hamu yake, kwa sababu ilipotolewa alianza kuchagua. Lakini naamini kilichosaidia zaidi ni kumfunga karibu naye punda jike aliyezoeana naye. Shemeji alitaka jike huyo aende kazini kubeba mwani, na palikuwa na maneno, mpaka daktari alipoeleza kwamba punda akitenganishwa na mwenziwe huweza kususia chakula kwa huzuni tu. Mwani ukabebwa kwa baiskeli.

Jeraha lilifuata njia yake mbaya kama tulivyoambiwa. Ngozi ya juu ya pua iligeuka nyeusi, ikakauka, ikabanduka, na chini yake palikuwa na shimo lenye harufu. Tulilisafisha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, gramu 9 za chumvi kwa kila lita, tukalipaka asali safi, na kumfukizia moshi ili nzi wasitage mayai. Pembeni pameanza kuota nyama nyekundu yenye afya.

Ubishi uliopo sasa ni wa mizigo. Ami anamwona punda anakula, analia alfajiri, na anamtimua mbwa, na kwa hesabu yake mnyama huyo amepona. Daktari anataka asubiri, kwa sababu huko Marekani farasi walioumwa na nyoka wenye njuga mkiani walipochunguzwa, baadhi yao walikutwa na madhara katika misuli ya moyo, na ingawa nyoka wale si swila, haoni sababu ya kuujaribu moyo wa punda kwa mawe ya kujengea. Tumekubaliana abebe madumu mawili ya maji kutoka kisimani, asubuhi peke yake, kwa hatamu ambayo ami ameishona upya ili mkanda wake upite juu zaidi na usiguse kovu. Mapigo ya moyo nitaendelea kuyahesabu kabla ya safari na baada yake, na rundo la mawe lililokuwa nyuma ya banda vijana wamekwisha kulihamisha hadi ng'ambo ya barabara.