Piano Uingereza, boksi Ndanda

Watu wa nyumbani wakisikia nafundisha piano huku Uingereza wanajua kazi ni kukaa na kusema do re mi basi. Kazi yenyewe ni kumfanya mtoto aiguse piano siku ambazo mimi sipo, maana kipindi ni nusu saa kwa wiki na hamna mtu aliyejua kinanda kwa nusu saa ya wiki. Na piano wanazo, tena nzuri, zipo sebuleni zimewekewa picha za harusi juu.

Dawa ya wazazi wengi ni mtihani. Kuna hawa ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya huku, wapo tangu 1889, gredi 1 mpaka 8, maksi 150 na kufaulu ni 100, basi mtoto anakomaa na nyimbo zilezile 3 mwaka mzima, anapata cheti, kesho mwambie apige kingine hana. Siupondi mtihani, ila hamu hauleti.

Sasa kwetu Ndanda, kule Masasi. Jumamosi usiku nafundisha vijana wa kwaya kwa WhatsApp (wao wametutangulia masaa 2, baridi ikianza huku yanakuwa 3), bando likigoma tunahamia kwenye voisi. Kibodi ni moja, ya kanisa, kuigusa ni kwa zamu, na msimu wa korosho nusu ya darasa ipo shambani. Wengi wamejichorea noti za kibodi kwenye boksi, oktavu 2 (yaani do mpaka si, mara mbili), kila oktavu nyeupe 7 nyeusi 5, wanazoesha vidole hapohapo. Kidole gumba ni 1, cha mwisho ni 5, skeli ya C (kupanda noti moja moja toka C mpaka C ya juu) mkono wa kulia ni 1 2 3 halafu gumba linapita chini, 1 2 3 4 5, na hapo gumba linapopita ndo kila mtu anajikwaa, Ndanda au London hamna tofauti.

Ila boksi halitoi sauti, kwa hiyo wanaimba wenyewe, na sol-fa (hiyo do re mi) hawa wamekulia nayo kwenye kwaya, yaani siku wakifika kwenye kibodi wakikosea sikio linawashtaki kabla yangu. Wa huku anabonyeza noti mbaya na safari inaendelea! Nikaanza kuwaambia fungeni kifuniko, pigeni juu ya kifuniko mkiimba, ndo mfungue. Binti mmoja alicheka mpaka machozi, sa hivi mama yake analalamika meza ya kulia chakula haina amani.

Kingine ni Jumapili. Kule ukijua wimbo unapiga misani, mashangazi wote wanakusikia, usipojua wanakusikia vilevile, nani ataacha mazoezi? Huku nimetumia mabibi. Dogo mmoja bibi yake yupo Newala, kila Ijumaa anampigia simu ya video anampigia na wimbo, juzi bibi kamuuliza, "Mjukuu wangu, si ndo huuhuu wa wiki iliyopita?" Ningesema mimi angenuna. Kwa bibi alienda akakaa kwenye piano, dakika 10 kila siku, tena anaanzia pale panapomsumbua, kitu nilichomuimbia toka lini jamani.

Haya, mwenye safari ya Masasi kabla ya Krismasi anicheki, adapta ya kibodi ya kule imeungua umeme ulivyorudi kwa fujo. Nimeshanunua nyingine, ni ndogo haijazi begi, na plagi za huku ni pini 3 zilezile za kwetu.