Mbwa Kizingitini

Mama alisema neno moja tu: "Humu hapiti."

Mbwa mwenyewe alikuwa bado garini, kichwa nje ya dirisha, anahema kama mzee aliyepanda ngazi. Mdogo wangu alikuwa ametoka Ujerumani kuja kula nasi Idi Kubwa, mwaka 2018, na alikuja na Bruno pamoja na bahasha nzima ya makaratasi: chanjo ya kichaa cha mbwa, barua ya daktari wa mifugo, kibali hiki na kile. Mama hakutaka kuona karatasi. Nyumba yake husaliwa kila chumba, na malaika, alisema, hawaingii penye mbwa.

Siku za Idi Bruno akalala Mbweni, hapa hapa Unguja, kwa rafiki wa mdogo wangu. Rafiki alipofunga safari, ikabidi itafutwe hoteli inayopokea mbwa. Ikapatikana moja Jambiani, pwani ya kusini mashariki, yenye spa. Mama alikuwa hamtaki mbwa, lakini hakutaka pia bintiye alale hotelini peke yake, basi akanigeukia mimi: "Mfuate mwenzio. Na wewe umechoka." Kuchoka nilikuwa nimechoka kweli, nasomesha skuli ya mikondo miwili, asubuhi na jioni, na sauti huisha kabla ya wiki. Lakini kwenda kupumzika siku tatu, na mbwa?

Madereva wawili walitukatalia. Wa tatu alikubali kwa masharti: mbwa akae juu ya busati lake mwenyewe, na mimi nikae mbele. Hilo la pili nililipokea kwa shukrani. Tulipofika msitu wa Jozani, kwenye matuta, kima punju, wale wekundu, walikuwa wanavuka barabara. Bruno akabweka mara moja, kisha akanyamaza, kama mgeni aliyegundua amepaza sauti kwenye nyumba ya watu.

Hoteli ilikuwa nzuri, sitaki kuisema sana. Mbwa marufuku kwenye ukumbi wa kulia na kwenye bwawa. Ufukweni awe na kamba. Walimpa bakuli na mkeka mzuri kuliko ule wa barazani kwetu. Kijana wa kusafisha vyumba, Mpemba, alikuwa akisimama mbali chini ya mnazi na kuita, "Hodi! Mbwa yupo?" Yupo. "Basi nitarudi." Tukaishia kutandika vitanda wenyewe.

Usiku wa kwanza sikulala. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba kavu kwa kavu hakuna najisi, tatizo ni majimaji. Basi nilijikunja katikati ya kitanda, viatu nimevipandisha juu ya kiti, nikiyasikiliza mate ya mbwa gizani. Mdogo wangu alikuwa anakoroma. Bruno naye alikuwa anakoroma.

Alfajiri ya Ijumaa nilitoka na msahafu nikakaa kibarazani, nikaanza Suratul Kahf kama ilivyo desturi ya nyumbani kwetu. Nikafika pale vijana wa pangoni wanapogeuzwa kulia na kushoto, na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Nikainua macho. Bruno alikuwa kizingitini. Miguu ya mbele kainyoosha, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, jingine linanitazama. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya kucheka na msahafu mkononi. Aya ile nimeisoma Ijumaa ngapi tangu utotoni? Mbwa wake nilikuwa nikimpita kwa tajwidi tu, sijamfikiria hata siku moja ana rangi gani.

Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa na bamvua linaingia, siku za maji kujaa sana na kupwa sana. Kufika saa tatu maji yalikuwa yamekupwa mpaka karibu na mwamba, na wanawake wa mwani wameshatapakaa huko kati, kila mmoja kwenye vigingi na kamba zake. Tulitembea kuwafuata. Kusi lilikuwa linavuma, na Bruno, ambaye mjini alikuwa anajikokota, alikwenda masikio yakipepea. Akasimama kunusa gunia la mwani. Nikajikaza kusubiri kelele.

"Ana kiu huyo," alisema mwenye gunia, mama wa miaka kama sitini, maji magotini. "Msimwache akanywa chumvi." Akatoa chupa yake, akamimina kwenye kifuu.

"Sikamoo mama. Humwogopi?"

"Marahaba mwanangu. Nimwogope nini? Babangu alikuwa msasi. Nyumbani tulikuwa na mbwa wanne. Nyinyi wa mjini ndio mnaokimbia."

Nilikuwa nimesahau. Huku Kusini wasasi huingia msituni na mbwa wao kuwinda paa, na nguruwe wanaomaliza mihogo ya watu, tena tangu zama za mabibi na mababu. Mimi nilidhani Unguja nzima ni ukumbi wa mama yangu.

Bruno alikunywa akamaliza, akageuka kushukuru, akakosea mtu. Ulimi wake wote ulipita juu ya kiganja changu. Nilipiga ukelele uliogeuza vichwa vya wakulima wote wa mwani.

"Kelele za nini? Mchanga huu, maji haya," alisema yule mama, akanishika mkono kama mtoto wa nasari. Akaanza kunitoharisha: mara ya kwanza kwa mchanga wa ufukweni, zilizobaki kwa maji, na yeye anahesabu kwa sauti. "Tano. Sita. Saba. Haya, umekwisha. Ingekuwa halina dawa ndiyo ulie."

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye maji, hoi kwa kicheko.

Jumamosi jioni nilikwenda spa, na aliyenifungulia mlango wa kibanda cha makuti ni yule yule mama wa mwani. Asubuhi mwani bamvua likiruhusu, jioni wageni wa hoteli. Mbele yake kulikuwa na jiwe la liwa, karafuu zilizotwangwa, asumini, mlangilangi, mawaridi makavu. Harufu ilinipiga nikasimama. Mara ya mwisho kusingwa, kusuguliwa mwili kwa singo, unga wa manukato kama haya, ilikuwa 1994, siku saba nimetiwa ndani kabla ya harusi, somo, mama anayemfunda mwari, ananisugua huku ananifunza na kunifinya kila nikisinzia. Kila kiungo kilisuguliwa kwa sababu ya mtu atakayekuja.

"Lala, mwalimu," alisema. Viganja vyake vilikuwa na makwaru ya kamba za mwani, na singo ikawa inachimba mgongo wangu kuliko ya yule somo. Nilimuuliza, sauti imezama kwenye mto: "Sasa leo mimi nasingwa kwa ajili ya nani?"

Akafikiri kidogo. "Kwa dola 45."

Tulicheka mpaka akaacha kusugua. Baada ya hapo hakunifunza neno. Upepo ulikuwa unapita kwenye makuti, bahari imerudi karibu, nami nilisinzia na hakuna aliyenifinya. Nilipoamka giza lilikuwa limeingia. Kanga yangu ya kuingilia, imejaa unga wa singo, ilikuwa imeanguka mlangoni na Bruno ameilalia, pua ndani ya mlangilangi. Yule mama alinitazama nitafanya nini. Nikaomba kanga nyingine.

Jumapili tulirudi mjini, tupite nyumbani kunishusha kabla ya kumpeleka Bruno Mbweni, maana rafiki alikuwa amesharudi. Mama alikuwa barazani na tasbihi yake. Harufu ilimfikia kabla sijatoa mguu garini.

"Mlikwenda kupumzika au kuolewa?"

Akajifunga mtandio, akashuka vidato viwili, akasogea mpaka kwenye dirisha la nyuma, hatua moja tu kutoka kwenye gari. Bruno alikuwa amelala juu ya kanga yangu. Mama akavuta pumzi, akavuta tena.

"Na huyu naye kasingwa?"