Marejea ndani ya lupango

Huku Lubumbashi, Kongo, kiwanja cha nyumba huitwa lupango. Wangu una udongo mwekundu, mgumu kama tofali kiangazi kikikolea, na kwa miaka mitatu haukunipa hata mchicha wa maana. Mwaka huu umejaa maua ya njano. Nimepanda marejea, mmea wa jamii ya kunde.

Mtu wa Songea atanielewa upesi. Nimekulia karibu na Peramiho, ambako watawa Wabenediktini waliwahimiza wakulima wapande marejea kurutubisha mashamba. Kwetu yalikatwa yanapoanza kuchanua, yakalazwa udongoni, maana mizizi yake ina vinundu vya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Mama hakulijua neno naitrojeni. Alijua kwamba msimu uliofuata mahindi yalikolea kijani.

Mbegu sikuzitoa nyumbani. Niliyakuta yakiota yenyewe kando ya barabara, nikasimama pale mpaka dereva wa teksi akaanza kupiga honi. Kumbe miombo ya kwetu Ruvuma na ya huku Katanga ni ukanda mmoja. Hata miezi ya mvua inakaribiana. Na marejea yana ndugu wengi huku. Mmoja huota kwenye vilima vya shaba na kobalti, wataalamu wakampa jina la Crotalaria cobalticola.

Nilingoja maganda yakauke, yalie kama njuga ukiyatikisa, ndipo nikachuma. Mvua za Novemba ziliponyesha nikafukia mbegu kina cha ukucha tu. Sasa yamenipita kimo. Ua lake lina umbo la ua la kunde, njano ya kupoa yenye mistari myembamba ya zambarau, na asubuhi nyuki wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao hulining'inia hadi shina linainama. Kuku siwapi mbegu zake: katika jamii hii ya mimea mna sumu nyingi.

Juzi mama jirani alichungulia juu ya ukuta.

"Mama Tanzania, juu ya nini unaacha majani inakomaa vile? Jina yake nini?"

"Marejea."

Akanyamaza kidogo. "Unataka kurudia kwenu?"

Nikamwambia hapana, mama, ni jina la ua. Koo lilinikaba hata hivyo. Jioni alibisha hodi na kikopo cha maziwa kitupu, anaomba mbegu za kupanda pembeni ya sombe yake, yaani kisamvu. Nimemwambia angoje maganda yalie.