Tršić, kijiji cha kamusi yenye matusi

Kutoka stendi ya mabasi ya Loznica, magharibi mwa Serbia, hadi kijiji cha Tršić hata kilomita kumi hazifiki, lakini dereva wa teksi alipoona mgeni akanilima dinari 3,000. Mwenyeji mmoja aliniambia baadaye kwamba nimelipa karibu mara tatu ya nauli. Ya basi kutoka Belgrade siwezi kusimulia, nililala.

Njiani trekta likatuzibia barabara. Dereva akashusha kioo, akamporomoshea mwenye trekta matusi, akaanzia kwa mamake mzazi akaishilizia kwenye jua linalomwakia. Kiserbia changu ni cha kuombea maji, ila tusi halitaki mkalimani.

Kijijini nikamhadithia dada anayetembeza wageni. Akacheka sana. Kumbe Vuk Karadžić, mtengenezaji wa Kiserbia cha maandishi, aliyezaliwa hapo mwaka 1787, maneno ya aina hiyo aliyatia kwenye kamusi aliyoichapisha Vienna mwaka 1818, yenye maneno zaidi ya 26,000 ya Kiserbia na maelezo ya Kijerumani na Kilatini. Wakuu wa kanisa wakaja juu. Toleo la 1852 lilinenepa, likapita maneno 47,000, lakini matusi yalikuwa yamefyekwa. Hasara hiyo!

Nyumba ya kina Vuk ni ya mbao, imejengwa upya mwaka 1933. Utotoni wino wake ulikuwa baruti iliyolowekwa majini, na karatasi ni zile za kufungia risasi. Mguu ulimlemaa angali kijana, akazunguka na gongo lake akikusanya nyimbo za wanakijiji. Kanuni yake ilikuwa moja: andika usemavyo, kila sauti na herufi yake. Alipoazima j kwenye alfabeti ya Kilatini akaitia kwenye ile ya Kisirili wanayoandikia Waserbia, wapinzani wakadai anataka kuwageuza Waorthodoksi wawe Wakatoliki. Serbia ilikuja kuukubali rasmi mfumo wake wa kuandika mwaka 1868, na mwenyewe alishafia Vienna tangu 1864.

Nikala mkate na jibini kwa bei ya kukaba koo, mawazo yakaniruka hadi Mombasa. Huyu mtu aliipandisha lahaja ya wachungaji ikawa lugha ya vitabu. Sisi wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, tulio na mashairi ya malenga wetu Muyaka, tukaambiwa Kiswahili sanifu ni Kiunguja, na insha yangu ya shule ya msingi ikarudi imechorwa wino mwekundu kwa ajili ya “ndia”, yaani njia. Kinachoniudhi zaidi, ule mkutano wa 1928 uliokichagua Kiunguja wakoloni walikuja kuufanyia Mombasa, mlangoni petu.