GRE: jinsi nilivyoacha kudhania kisichosemwa

Nilipojiandaa kwa GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, hesabu yangu ilikuwa sahihi, lakini maswali ya kulinganisha Kiasi A na Kiasi B yaliendelea kunipotea. Kukariri fomula zaidi hakukusaidia, wala kuongeza kasi.

Dawa ilikuwa hii: kabla ya kukokotoa, andika pembeni kile ambacho swali halijasema. Je, x ni namba nzima? Ni chanya? Yaweza kuwa sifuri? Kisha jaribu 2, 1, 0, 1/2, −1/2 na −2, ukiruka zilizokatazwa tu.

Mfano, x > 0. Linganisha x² na x. Kwa 2, x² ni kubwa: 4 dhidi ya 2. Wengi huishia hapo. Weka 1/2: x² inakuwa 1/4, ndogo. Matokeo yakigongana, chagua D (jibu la “haiwezekani kujua kipi ni kikubwa”) papo hapo.

Kwenye michoro ya jiometri, pembe inayoonekana mraba usiihesabu 90° mpaka swali liseme au ithibitike.