Kidonge cha kipandauso na magamba ya viwiko vyangu

Hapa Wete, Pemba, nimepewa kila jina la maradhi: choa, ukurutu, husuda, hata shetani wa pwani. Kumbe ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba. Daktari wa ngozi wa Unguja alinitajia zamani, akanipa mafuta ya kupaka, na kwa miaka mingi mabaka yalikaa viwikoni na magotini tu. Msimu wa mchumo nilivaa mikono mirefu, maana kila mchubuko wa tawi la mkarafuu ulinizalia baka jipya. Jambo hilo daktari wa ngozi Mjerumani, Heinrich Köbner, alilieleza tangu karne ya 19.

Kisha kipandauso kikanizidi, nikaandikiwa propranolol. Kichwa kikatulia. Ngozi ndiyo ikachafuka: mgongo, utosi, nyuma ya masikio. Aliyeniandikia alisema kidonge na ngozi havihusiani, niongeze mafuta.

Mimi nafundisha baiolojia skuli, na utando wa seli ni mada ninayoipenda. Kwenye ngozi nzima, seli huzaliwa chini, ikapanda taratibu na kudondoka baada ya mwezi hivi au zaidi. Kwenye baka la soriasisi safari hiyo huisha kwa siku chache tu, seli ikafika juu ingali changa, na kiini chake bado kimo. Hayo ndiyo magamba. Sasa, kwenye utando wa seli za ngozi kuna vipokezi vya beta, milango ya kupokea ujumbe wa homoni kama adrenalini. Adrenalini ikikigusa kipokezi, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali) kiitwacho adenili saiklesi huamka upande wa ndani, kikaibadili ATP, molekuli ya nishati ya seli, kuwa saikliki-AMP, molekuli inayobeba ujumbe ndani ya seli, na ujumbe huo husaidia kupunguza kasi ya seli kugawanyika. Watafiti wa miaka ya 1970 walipopima, waliona kimeng'enya hicho kwenye mabaka kinaitikia adrenalini kwa unyonge kuliko kwenye ngozi yenye afya. Kimeng'enya mwenzake, fosfolipesi A2, yeye huchachamaa: hukata mafuta ya utando wenyewe na kutoa asidi ya arakidoniki, malighafi ya kemikali zinazoita chembe nyeupe za damu na kuleta uvimbe.

Propranolol kazi yake ni nini? Kuziba vipokezi vya beta.

Mama mkwe aliponikuta na makaratasi usiku akauliza, "Mwanangu, ndiyo hirizi hiyo?" Nikamwambia kuna bawabu mlangoni kazibwa masikio: mgeni anapiga hodi, ndani hawana habari. Akacheka. "Basi mtoeni huyo bawabu."

Kumtoa si kazi ya mgonjwa. Propranolol ikikatwa ghafla, mapigo ya moyo yanaweza kwenda mbio na presha kupanda, kwa hiyo niliendelea kuimeza huku nikitafuta daktari wa kunisikiliza. Nilichukua kalenda nikaweka alama tarehe ya kidonge cha kwanza na tarehe ya kila baka jipya, nikapiga picha kwa simu mchana, karibu na dirisha. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu baka halionekani jekundu kama la vitabuni, huelekea zambarau au kijivu, na taa ya usiku hulificha. Kalenda ndiyo iliyonisemea. Daktari wa pili aliitazama kimya, kisha akanipunguzia dozi hatua kwa hatua na kunihamishia amitriptilini, dawa nyingine ya kuzuia kipandauso.

Ngozi haikupona, soriasisi haina tiba ya kuimaliza. Lakini mgongo ulisafika baada ya miezi, na mafuta yale yale ya zamani yakaanza tena kufanya kazi viwikoni.

Wanafunzi wangu siwaambii kwamba kimeng'enya ndicho chanzo. Leo inajulikana kwamba kinga ya mwili ndiyo inayoongoza vurugu hii, na habari ya adenili saiklesi imesogezwa pembeni. Pembeni, ila haijatupwa: apremilast, dawa ya kumeza iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2014, hukizuia kimeng'enya kinachovunja saikliki-AMP. Madukani kwetu sijaiona.

Siku hizi, popote ninapoandikiwa dawa, iwe ya jino au ya homa, husema kabla kalamu haijashuka: nina soriasisi. Lithiamu, dawa ya maradhi ya akili, na klorokwini ya malaria nazo zinaweza kuichochea, na si kila mwandika dawa anayeuliza.