Mzinga Ninaoupenda Kuliko Yote Mezani, na Watu Walioukokota

Sisi tunaocheza vita vya mezani, tunaopaka rangi askari wadogo wa plastiki na kuwapanga juu ya uwanja wa mbao, tunajuana kwa mizinga. Askari wa miguu mtu huwanunua kwa sababu kikosi hakitimii bila wao, lakini mzinga huuchagua kwa mapenzi, akaupaka rangi kwa saa nyingi na kuuweka mahali ambapo mgeni akiingia atauona kwanza.

Wapenzi wa vita vya Napoleon hawana mjadala mrefu. Mioyo yao iko kwenye mzinga wa Kifaransa wa ratili 12, yaani uzito wa tufe lake, wa mfumo wa afisa wa mizinga Gribeauval ulioanza mwaka 1765, wenye mtutu wa shaba uliolazwa juu ya gari la mbao la rangi ya zeituni. Wanaocheza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani huchagua mzinga wa mwaka 1857 uliopewa jina la Napoleon III, na naielewa sababu yao: masafa yake hayafiki hata kilomita 2, lakini adui akikaribia, hujazwa kopo lililosheheni risasi za chuma, na kanuni zote nzuri za mchezo huufanya uogopwe zaidi karibu kuliko mbali. Mzinga wa Kifaransa wa milimita 75 (kipenyo cha tundu la mtutu) wa mwaka 1897 una wapenzi wake pia, kwa kuwa mtutu wake ulirudi nyuma na kusogea mbele tena huku magurudumu yametulia, hivyo wapiga mizinga hawakuhitaji kulenga upya kila baada ya kufyatua. Ule wa Kijerumani wa milimita 88, uliotengenezwa kudungua ndege ukaishia kuogopwa na vifaru, nauona kila meza ya Vita vya Pili vya Dunia, hata katika mapambano ambayo haukuwepo, na kwa maoni yangu sifa zake zimevimba kupita kiasi. Katika vita hivyo mimi huchukua mzinga wa Waingereza wa ratili 25, kwa heshima ya wazee wetu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, kwa mtu aliyekulia Mtwara, mzinga wa kupendwa kuliko yote hauwezi kuwa wa vita vya Ulaya wala vya Marekani. Ni ule wa manowari ya Kijerumani Königsberg, wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Manowari hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika delta ya Rufiji, na humo ikafuatwa na Severn na Mersey, meli za Waingereza zilizoweza kupita katika maji ya kina kifupi, ambazo ziliipiga hadi mabaharia wake wakaizamisha wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ikaopolewa na kupelekwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaiundia magari ya magurudumu ili silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya baharini ipigane nchi kavu. Mtutu wake una urefu wa mara 40 ya kipenyo chake, yaani takriban mita 4.2, kombora lake lina uzito wa kilo 17 na zaidi, na masafa yake hufika kilomita 12. Mitatu ingalipo hadi leo: mmoja Pretoria, mmoja Jinja nchini Uganda na mmoja Fort Jesus, Mombasa, ambako umewekwa pamoja na mzinga wa Pegasus, meli ileile iliyozamishwa na Königsberg.

Nilipouunda katika skeli ya 1:72, yaani mdogo mara 72 kuliko halisi, mtutu ulitoka na urefu wa milimita 58, nikautengeneza kwa bomba la kalamu lililozungushiwa karatasi yenye gundi upande wa nyuma, ambako unene huongezeka hatua kwa hatua. Ukiutazama kutoka ubavuni, unauona mara moja kwamba ni kitu cha melini: mtutu ni mrefu mno kwa gari lake, na uzito wote unaegemea mahali ambapo gari la kawaida la mizinga lisingeuruhusu. Nyasi ndefu za kando ya njia nilizitengeneza kwa nyuzi za katani kutoka Lindi, nikazikata urefu wa kifua cha askari na kuzipaka rangi ya majani makavu, kwa sababu nyasi za kijani kibichi zinazouzwa na kampuni za Ulaya hazifanani hata kidogo na bonde la mto Lukuledi la mwezi Septemba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wachezaji wengi. Kanuni wanazotumia huuhesabu mzinga kwa mambo mawili, umbali unaopiga na nguvu ya pigo lake. Umbali wenyewe hauna maana mezani: kilomita 12 katika skeli ya 1:72 ni zaidi ya mita 160, kwa hiyo mzinga huu unafika kila pembe ya meza na kuipita nyumba. Kilichoamua thamani yake katika vita vile kilikuwa namna ya kuusogeza. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe, barabara za magari hazikuwepo, na mvua iligeuza njia kuwa tope. Mzinga huo ulikokotwa kwa kamba na mamia ya watu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa vijijini bila kuulizwa, na nguvu au makombora yalipokwisha Wajerumani waliulipua na kuuacha. Ndivyo ilivyopotea mmoja baada ya mwingine.

Mkoa wa Lindi una sehemu yake katika habari hizi, na nasikitika kwamba haijulikani hata kwa wanaopita pale kila siku. Mwezi Machi 1916 meli iitwayo Marie ilipenya kizuizi cha Waingereza ikaingia ghuba ya Sudi ikiwa na howitza 4 (mizinga mifupi inayorusha makombora juu) za milimita 105, mizinga 2 ya milimani ya milimita 75 na makombora, na shehena hiyo ikapelekwa kaskazini kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Waingereza walikuja kuishambulia meli hiyo, lakini ilitoroka na kufika Batavia, Jakarta ya leo. Upande wa pili, vikosi vya Waingereza kutoka Afrika Magharibi vilileta mzinga wao wa milimani wa milimita 75, uliofunguliwa vipandevipande na kubebwa kichwani na wabebaji wake maalumu. Masafa yake hayakufika kilomita 5, lakini ulipita njia ambazo mzinga wa Königsberg usingepita.

Kwa hiyo kanuni zetu hapa tumezibadilisha. Mzinga wa Königsberg hausogei bila makundi ya wapagazi kuwekwa mezani, kila kundi likipungua mwendo wake unapungua, penye tope dadu hurushwa kabla ya kuanza kuuvuta, na mwenye nao akishindwa kuutoa analazimika kuulipua yeye mwenyewe. Kampuni za vifaa hivi zinauza nyumbu wa kila aina, lakini wapagazi ni wachache mno, ndiyo maana nawaunda kutoka kwa askari wa plastiki: nafuta bunduki na kofia kwa kisu, nawavika shuka ya karatasi laini iliyoloweshwa gundi, na kamba ya begani natengeneza kwa uzi wa katani. Rafiki yangu wa Lindi, tunayecheza naye mapambano ya Mahiwa, mkoani Lindi, ya Oktoba 1917, anasema wapagazi wasihesabiwe katika alama za ushindi kwa kuwa hawakuwa wapiganaji. Mimi nashikilia kwamba kila kundi linalopotea limpunguzie alama aliyelipoteza, tena nyingi kuliko alama za mzinga wenyewe, na mchezo ujao tutaucheza kwa hesabu hiyo.